Dawa ya presha ICU haiui utumbo, presha ya chini ndo inaua

Kuna voisi noti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar, pengine imeshakufikia. Mtu anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba ukiwa na ndugu yako ICU ukaona katundikiwa noradrenalini, ile dripu ya kupandisha presha, basi wabane madokta waitoe, kwasababu ile dawa inabana mishipa ya utumbo mpaka utumbo unakufa, na kwamba huko nje wenzetu wana dawa za kufungua mishipa ya utumbo ila sisi tunanyimwa. Familia zimeanza kubeba maneno haya mpaka kwenye korido za hospitali, na ndo kinachonifanya niandike. Kipande kimoja nakikubali, noradrenalini kweli inabana mishipa. Yaliyobaki nayapinga yote, na niseme mapema naelekea wapi: dawa ya kuupelekea utumbo damu imetafutwa kwa miaka zaidi ya 30 na watu makini, kwa nia njema, na hakuna hata moja iliyopimwa vizuri ikaonekana inapunguza vifo kwa wagonjwa mahututi kwa ujumla. Utumbo unaokolewa mzunguko wa damu wa mwili mzima ukirudishwa mapema na kwa kipimo, na hapa kwetu kinachokosekana zaidi ni watu na vifaa vya kufanya hiyo kazi saa baada ya saa, sio kichupa kipya kutoka nje.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu akiwa ametulia, karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo inaelekea tumboni, kwenye utumbo, ini, bandama na kongosho. Ni damu nyingi na mwili unaichukulia kama akiba, so ukivuja damu kwenye ajali ya bodaboda, au ukapata sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga mwili mzima, mwili unakata damu ya ngozi na utumbo kwanza ili ubongo na moyo vipate. Utumbo nao umeumbwa vibaya kwa shida ya namna hiyo. Ukuta wake wa ndani umejaa vijidole vidogo sana vya kunyonya chakula, na ndani ya kila kimoja mshipa unaoleta damu umepita karibu kabisa na ule unaoirudisha, hivyo oksijeni nyingine inavuka njiani kabla haijafika nchani. Damu ikipungua, ncha ndo zinakufa kwanza. Utumbo wa mtu mzima mwenye afya unajijenga upya ukuta huo kila siku 3 mpaka 5 hivi, kwahiyo madhara madogo yanapona yenyewe, lakini kwa mtu ambaye kazi hiyo ya ujenzi imesimama hayaponi. Na kinachotisha ni kwamba presha inaweza kusomeka nzuri kwenye monita huku utumbo bado una njaa ya damu, hapo ndo wazo la dawa maalum lilipozaliwa na mimi silicheki hata kidogo, lilikuwa wazo la akili.

Mwaka 1986 Carrico, Meakins na Marshall waliandika kwamba utumbo ndo mota ya viungo kufeli kimoja baada ya kingine. Hoja yao ilikuwa kwamba ukuta wa utumbo ukikosa damu unavuja, bakteria na sumu zake zinaingia mwilini, mapafu yanafeli, figo zinafeli, mgonjwa aliyenusurika siku ya kwanza anafia wiki ya pili. Maelezo haya yaliwavutia watu sana kwasababu yalijibu swali ambalo kila aliyewahi kufanya kazi ICU analo, la kwanini mgonjwa anaendelea kuzorota wakati jeraha limeshonwa na antibayotiki zimeingia. Ikatengenezwa mpaka mashine ya kupima kaboni dayoksaidi kwenye ukuta wa tumbo kupitia mpira wa puani, ili dokta ajue kama damu inafika. Utafiti wa 1992 wenye wagonjwa 260 ulitoa matumaini kwamba ukiongozwa na kipimo hicho baadhi ya wagonjwa wanapona zaidi, watu wakafurahi. Lakini waliporudia Hong Kong, matokeo yakatoka mwaka 2000, hakukuwa na tofauti ya vifo. Siku hizi mashine hiyo huioni wodini popote.

Sasa kwenye dawa zenyewe. Ya kwanza iliyopendwa ni dopamini ya dozi ndogo, ile waliyosema inafungua mishipa ya figo na utumbo. Ilitumika dunia nzima kwa miaka na miaka, mpaka mwaka 2000 ICU 23 za Australia na New Zealand zikaipima kwa wagonjwa 328 na kukuta hailindi figo kabisa. Upande wa utumbo kuna utafiti mdogo wa 1994 ambao natamani kila mwenye ile voisi noti ausikie. Wagonjwa 20 tu wa sepsisi, nusu wakapewa dopamini nusu noradrenalini, presha ikapandishwa kwa kiwango kilekile, halafu wakapima ukuta wa tumbo. Waliopewa noradrenalini, hiyo hiyo inayobana, hali ya ukuta wa tumbo ikawa nafuu, waliopewa dopamini ikawa mbaya zaidi. Wagonjwa 20 hawatoshi kufunga mjadala, najua, lakini wanatosha kuonyesha kwamba ukijua dawa inabana au inafungua bado hujajua utumbo utapata nini. Halafu 2010 ukaja utafiti mkubwa wa wagonjwa 1,679 wenye shoku, yaani mzunguko wa damu umeshindwa mpaka viungo vinakosa damu ya kutosha, vifo havikutofautiana sana kitakwimu kati ya dopamini na noradrenalini, ila mapigo ya moyo kwenda mrama yalitokea kwa 24.1% ya waliopewa dopamini dhidi ya 12.4%. Hapo dopamini ikapoteza kiti chake.

Dobutamini, dawa ya kuusukuma moyo, nayo ina historia yake. Wazo lilikuwa tusukume moyo kwa nguvu, damu iwe nyingi kila mahali, utumbo nao upate mgao wake. Mwaka 1994 Uingereza walijaribu hivyo kwa wagonjwa mahututi 109, na hospitalini walikufa 54% ya waliosukumwa dhidi ya 34% ya walioachwa na matibabu ya kawaida, mwaka uliofuata Italia wakajaribu malengo ya aina hiyo kwa wagonjwa 762 wasione faida. Dopeksamini, dawa nyingine ya aina hizi, ikasifiwa sana kwa ajili ya utumbo, ikapita. Nitrogliserini ilionekana inafungua vishipa vidogo chini ya ulimi kwa wagonjwa 8, kila mtu akashtuka kwa furaha, kisha 2010 ikapimwa sawasawa kwa wagonjwa 70 na haikusaidia vile vishipa, tena waliopewa walikufa wengi zaidi, 34.3% dhidi ya 14.2%, ingawa kwa idadi ile ndogo huwezi kuapa kwamba ni dawa iliyowaua. Ukiangalia hizi zote kwa pamoja unaona mchoro mmoja unajirudia: kipimo cha damu kinapendeza, mgonjwa hapati nafuu.

Kwanini inakuwa hivyo? Kwa ninavyoelewa mimi sababu kubwa ni kwamba utumbo haujitegemei. Vishipa vyake vinaletewa damu na presha ya mwili mzima, so ukiipa dawa ya kufungua vishipa mtu ambaye presha yake imeshaanguka ni sawa na kufungua mabomba yote ya nyumba wakati simtank liko tupu, kitakachotokea ni kile kidogo kilichobaki kukosa hata nguvu ya kupanda. Sababu ya pili ni kwamba kwenye sepsisi tatizo halipo kwenye mishipa mikubwa peke yake, vile vidogo kabisa baadhi vimeziba na vingine vinapitisha damu kasi bila kuachia oksijeni, kwahiyo jumla ya damu inaweza kupanda na ncha za vile vijidole zisipate kitu. Ya tatu ni gharama, maana dawa nyingi zinazoongeza damu zinaongeza pia kazi ya moyo na kazi ya seli za utumbo zenyewe, na oksijeni uliyoileta inaliwa hapohapo.

Wanaotetea dawa hizi wana hoja, nisizifiche. Yenye nguvu kuliko zote ni ya wale wagonjwa ambao utumbo unakosa damu bila bonge lolote la damu kuziba mshipa, mishipa imekakamaa tu, mara nyingi baada ya oparesheni ya moyo, kusafishwa figo au shoku ya muda mrefu. Hao ukiwahi, mtaalamu anapitisha katheta, yaani mpira mwembamba, mpaka kwenye mshipa wa utumbo na kumwaga dawa za kufungua mishipa kama papaverini au prostaglandini palepale, na wapo waliookolewa hivyo. Hii naikubali na nataka iwepo Dar, na ni jambo la kufurahisha kwamba Muhimbili wameanza kufundisha madokta bingwa wa kutibu kupitia katheta wakiongozwa na picha. Lakini angalia inachodai: sitiskani ya haraka, chumba cha angiografia, yaani cha kupiga picha za mishipa ya damu, mtaalamu aliye macho usiku, na dokta wa upasuaji jirani maana utumbo ulioshakufa haufufuliwi na dawa. Ni tiba ya ugonjwa mmoja unaojulikana, dawa inaingia mahali pamoja, ni tofauti kabisa na kumtundikia kila mgonjwa wa ICU dripu ya kufungua mishipa mwili mzima. Hoja nyingine inasema zile tafiti zilichanganya wagonjwa wa kila aina ndo maana faida haikuonekana, labda wapo wachache wangefaidika. Inawezekana. Ila "labda" haiwezi kuwa dawa ya mgonjwa wa leo, inaweza kuwa sababu ya kufanya utafiti mwingine.

Hoja dhaifu kabisa ndo hiyo iliyobebwa na voisi noti, kwamba kwakuwa noradrenalini inabana basi itolewe. Inaruka hatua moja kubwa. Utumbo wenye afya una uwezo wa kurekebisha mishipa yake wenyewe presha ikipanda na kushuka, lakini presha ikienda chini sana uwezo huo unaisha na damu inafuata presha tu, ikishuka inashuka nayo. Kwa mtu mwenye wastani wa presha wa 45, kumfikisha 65 kwa noradrenalini kuna uwezekano mkubwa wa kuuongezea utumbo damu, hata kama mishipa imebanwa kidogo. Ukiitoa ghafla presha inaanguka, na utumbo unaanguka pamoja na ubongo na figo. Ubaya wa noradrenalini unakuja pale dozi inapopandishwa na kupandishwa kwa mgonjwa ambaye ndani bado anavuja damu, au ana usaha tumboni haujatolewa, au moyo umechoka na hakuna aliyeuangalia, hapo dawa inaficha tatizo na utumbo ndo unalipa. Tena kupandisha zaidi ya 65 bila sababu hakusaidii. Ufaransa walilinganisha 65 hadi 70 na 80 hadi 85 kwa wagonjwa 776, matokeo ya mwaka 2014, vifo havikutofautiana. Vasopresini, dawa nyingine ya kupandisha presha, inabana utumbo kuliko noradrenalini, ndo maana inatolewa kwa dozi ndogo isiyopandishwa ovyo, na utafiti wa 2008 wenye wagonjwa 778 haukuonyesha kwamba inaua zaidi. Hata adrenalini, ambayo kwenye vipimo vya tumbo ilionekana mbaya kwa utumbo, ilipolinganishwa Ufaransa mwaka 2007 na noradrenalini pamoja na dobutamini kwa wagonjwa 330 tofauti ya vifo haikuthibitika. Hilo ni la muhimu kwa hospitali zetu za wilaya, ambako mara nyingi adrenalini ndo iliyopo kabatini, asije mtu akaogopa kuitumia kwasababu ya utumbo akamwacha mgonjwa na presha ya 50.

Kitu kinachousaidia au kuuumiza utumbo na watu hawakizungumzii kabisa ni chakula. Kwetu mgonjwa asipolishwa familia inaona ametelekezwa, naelewa kabisa, mama anakuja na uji kwenye chupa ya chai na anataka uingie kwenye mpira. Lakini chakula kinaulazimisha utumbo ufanye kazi, na kazi inataka damu ambayo haipo. Ufaransa, ICU 44, wagonjwa 2,410 wenye shoku na walio kwenye mashine ya kupumulia, nusu wakalishwa mapema kwa utumbo kwa kipimo kamili na nusu kwa mshipa: utumbo kukosa damu ulitokea kwa watu 19 kwenye kundi la kwanza na 5 kwenye la pili. Ni wachache kwa asilimia, lakini kila mmoja wao ni janga. Utafiti uliofuata wa timu hiyohiyo, wa 2023 wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, ukaonyesha chakula kidogo mwanzoni kinapunguza kutapika, kuharisha na hilo tatizo la utumbo kukosa damu. Hii haina maana mgonjwa afe njaa, maana yake shoku itulizwe kwanza, kisha aanze kidogokidogo. Uamuzi huu hauhitaji dola hata moja na unaulinda utumbo kuliko dawa yoyote niliyoitaja juu.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndo napoona tunaelewa vibaya zaidi. Sisi Afrika tumeshafundishwa kwa gharama kubwa kwamba kinachofaa kwa wenzetu kinaweza kutuua kikiletwa kizima kizima. Mwaka 2011 watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wa hapa Muheza wakiwemo, walishiriki utafiti wa maji ya dripu ya haraka kwa watoto wenye homa kali na dalili za shoku. Ndani ya saa 48 walikufa karibu 10.5% ya waliopewa maji ya haraka, na 7.3% ya wasiopewa. Halafu Lusaka, matokeo ya 2017, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Kundi moja lilifuata utaratibu wa maji mengi mapema, dopamini na damu, wakafa 48.1%, kundi la matibabu ya kawaida wakafa 33%. Wodi ile haikuwa na mashine za kupumulia za kutosha kubeba madhara ya maji mengi. Mtu anayetaka leo tuanze kutundika dawa za kufungua mishipa ya utumbo kwenye wodi zenye nesi mmoja na wagonjwa kumi na tano, aanze kwa kujibu Lusaka.

Na utafiti wa nchi 22 za Afrika uliotoka 2025 umeweka wazi hali ilivyo: kati ya wagonjwa karibu 20,000 waliokuwa wamelazwa, mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na wengi wao, karibu 7 kati ya 10, walikuwa kwenye wodi za kawaida sio ICU. Waliokuwa na mzunguko wa damu uliofeli, ni zaidi kidogo tu ya nusu waliokuwa wanapata dripu au dawa ya presha. Yaani karibu nusu walikuwa hawana hata hicho cha kwanza, halafu sisi tunagombana kuhusu cha kumi. Hapa hapa Dar kuna ICU iliyojaribu kitu rahisi kabisa, matokeo yakatoka 2015: manesi walipewa utaratibu ulioandikwa wa nini kifanyike mara moja presha, pumzi au fahamu ikivuka kiwango fulani. Vifo vya wagonjwa wote kwa jumla havikubadilika sana, lakini kwa walioingia na presha ya chini vilishuka kutoka zaidi ya 90% hadi karibu 69%. Bado ni vingi vya kuumiza moyo. Ila hakuna dawa ya utumbo, kokote duniani, iliyowahi kuonyesha mshuko unaokaribia huo.

Tumejenga ICU na majengo ya dharura mikoani kwa sehemu ya ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO, ni jambo jema na nalipongeza bila kusita. Lakini noradrenalini inataka pampu ya sindano, haihesabiwi kwa matone ya kukisia, inataka monita inayosoma presha kila baada ya muda mfupi na nesi ambaye hajagawanywa kwa vitanda vingi. Pampu ikikata chaji umeme ukikatika, au sindano ikiisha saa nane usiku na mwenye kubadili yuko upande wa pili wa wodi, presha inaanguka kwa dakika kadhaa, na dakika hizo zinajirudia usiku kucha. Mimi naamini vifo vingi vya utumbo tunavyoisingizia dawa vinaanzia kwenye mapengo hayo. Kama kuna pesa ya kununua dawa ya bei kubwa kutoka nje, inunue pampu na betri zake, iajiri manesi wa ICU na kuwabakiza, iweke kipimo cha laktati, kitu kinachopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni, kwenye kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Na pale laktati haipo kuna kidole: bonyeza ncha yake mpaka iwe nyeupe, achia, hesabu sekunde rangi inarudi lini. Zikizidi 3 ngozi imenyimwa damu, na ngozi na utumbo kwa kawaida vinanyimwa pamoja. Amerika Kusini walitumia kipimo hicho cha kidole kuongoza matibabu ya shoku kwa wagonjwa 424, mwaka 2019, wakakilinganisha na laktati. Walikufa 34.9% upande wa kidole na 43.4% upande wa laktati, kitakwimu tofauti hiyo haikuvuka mstari, lakini kidole hakikufanya vibaya kuliko maabara, na kwa wodi ya hospitali kama Temeke au Amana hiyo ni habari kubwa.

Kwa ndugu wa mgonjwa, badala ya kudai noradrenalini itolewe, yapo maswali yenye maana ya kuuliza kwa heshima. Presha yake inapimwa kila baada ya muda gani na lengo ni ngapi? Dozi ya dawa inapanda au inashuka tangu jana? Chanzo cha shoku kimeshashughulikiwa, kama ni usaha umetolewa, kama ni damu imesimama? Ameanza kulishwa, na kwa kiasi gani? Na ukiona tumbo linavimba, chakula kinarudi kwenye mpira, choo kina damu, au laktati inapanda wakati presha inaonekana nzuri, usisubiri raundi ya asubuhi, mwite nesi na uulize kama dokta wa upasuaji ameshamgusa tumbo mgonjwa wako usiku huu.